Suti Isiyopigwa Pasi

"Sikieni, wakazi wote wa barabara hii, wakubwa kwa wadogo! Leo inaanza Kampeni Kuu ya Kutokomeza Magonjwa ya Ngozi! Anayejikuna asijifiche! Ushindi ni wetu!"

Kipaza sauti kilikohoa, kikafa. Betri.

Kampeni Kuu ilikuwa na benchi moja la kanisa, ndoo ya maji, katoni mbili za dawa na Rachida, ambaye angalau alikuwa muuguzi wa kweli. Kamanda wake, mwenye koti jeupe lililogoma kufungika tumboni, alikuwa Inspekta Chisanga wa polisi ya Lubumbashi. Magonjwa ya ngozi hayakuwa yamewahi kumkosesha usingizi. Alichokuwa akitafuta ni suti.

Ilikuwa suti ya marehemu David, fundi mstaafu wa reli: ya buluu, kuukuu, yenye kiraka kiwikoni. Mzee aliagiza azikwe nayo. Mwili ukiwa bado mochwari, mjane wake, Brigitte, aliifua. Kamba ilikuwa imejaa vitenge vya waombolezaji, kwa hiyo akaitandaza majanini. Aliporudi, alikuta majani matupu. Mzee David alizikwa na shati la kuazima, la mikono mifupi, na mvua ikamnyeshea bila adabu.

Dada wa marehemu, Marie-Thérèse, alisoma hukumu mbele ya ukoo kabla hata ya upelelezi kuanza.

"Ameiuza. Anayeuza nguo ya maiti hawezi kulala katika nyumba ya kaka yangu. Siku ya kuondoa matanga, atoke."

Siku hiyohiyo Chisanga, ambaye mtaa mzima humwita "chef", yaani mkubwa, alimhoji mjane pale pale uani, eneo la tukio.

"Nani alikuwa hapa?"

"Bantu wote wa mtaa, chef. Ni kilio."

"Mwanao?"

"Floribert alitoka Sakania jana. Iko ndani, analia. Tangu aache seminari, baba yake hakutaja tena jina lake."

"Una adui?"

"Si unamusikia?"

Marie-Thérèse alikuwa akiimba maombolezo kwa sauti ya kusimamisha treni.

"Kuna kitu kingine, mama?"

"Sikukuwa nimeipiga pasi." Brigitte akaangua kilio upya. "Ata pasi sikuipitisha, chef."

Chisanga aliacha kuandika. Mama yake alikuwa akipiga pasi hadi soksi, hadi nepi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyotandazwa chini. Yasipouawa kwa joto la pasi, funza huingia ngozini, na baada ya siku chache mwenye nguo huota jipu lenye tundu. Ndani ya tundu hilo kuna mpangaji, naye anahema.

Mwizi akiivaa ile suti, atakuwa amevaa mashahidi. Kilichobaki ni kuwapa muda wakue.

Inspekta alingoja wiki moja na ushee, kisha akatangaza kampeni. Ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Akishindwa leo, jioni Brigitte hana nyumba.

Wa kwanza benchini alikuwa Kiki, kinyozi.

"Chef, polisi imekufukuza?"

"Vua shati."

Shingoni kulikuwa na duara, kingo zimeinuka, katikati kumepona. Moyo wa Inspekta uliruka.

"Choa," Rachida akasema, na moyo ukakaa. "Unapaka nini?"

"Krimu ya bibi yangu, mama ya batoto, ile ya kuwa mweupe."

"Hiyo inaificha tu, huku inasambaa. Iache. Paka hii, na usiache siku duara likipotea. Endelea."

Akafuata Zakari, fundi cherehani, ana vipele katikati ya vidole.

"Usiku inawasha zaidi?"

"Usiku nacheza bila muziki, dada."

"Ni upele. Nyumba nzima mpake usiku mmoja, hata asiyejikuna. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto."

"Ata mama-mkwe?"

"Ata mama-mkwe."

"Nani atamwambia?"

Foleni ilicheka. Chisanga hakucheka. Marie-Thérèse alikuwa amefika, akakunja mkono wa blauzi kama anayemtunukia mtu nishani. Vipele vidogo vya joto. Rachida alimwambia aoge maji baridi na avae nguo nyepesi za pamba. Inspekta, aliyekuwa amemwombea jipu kwa moyo wote, alimtakia afya njema.

Katoni zilikwisha mchana. Hakuna kiuno hata kimoja chenye mpangaji.

Hapo Brigitte akaja, akasimama mbele ya benchi.

"Chef, andika. Ni miye niliuza."

"Kwa nani?"

"Muntu wa Sakania."

"Jina?"

"Sikuuliza."

"Mama, siku zote hizi umelia kwamba unaonewa."

"Nimechoka kulia. Andika."

Rachida akainua kichwa. "Mama, vazelini niliyokupa asubuhi ilikuwa ya nini?"

"Ya midomo."

"Kopo zima?"

Brigitte akaficha mikono ndani ya kitenge, lakini alikuwa amechelewa. Chini ya kucha za gumba kulikuwa na damu iliyokauka. Vazelini huziba tundu, mdudu hukosa hewa na kujitokeza, nawe unamkamua kwa vidole gumba viwili. Brigitte midomo yake ilikuwa mikavu.

"Sikumwona Floribert kwenye foleni," Chisanga akasema.

Brigitte akalitazama lile koti jeupe.

"Kumbe weye ulileta dawa juu ya kuangalia viuno vyetu tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na miye nilifikiri mtu ametuhurumia."

Chisanga alilivua koti, akaelekea nyumbani kwa Brigitte.

Floribert alikuwa chumbani, amelala kifudifudi. Majipu yalizunguka kiuno chake kwa kufuata mkanda wa suruali, mengine mabegani. Mengi yalikuwa yamekwisha kukamuliwa na kusafishwa. Katika moja, nukta nyeusi ilipanda, ikamwona polisi, ikazama.

"Suti iko wapi?"

"Chini ya godoro."

"Juu ya nini, Floribert? Sababu gani?"

Kijana alizungumza huku uso uko kwenye mto.

"Baba alisema nisiguse kitu chake akiwa hai. Akafa. Nikaivaa usiku, nilale nayo. Sabuni haikuwa imeondoa harufu yake, pale kwapani. Nilitaka kuirudisha asubuhi ya mazishi. Nilishindwa kuivua."

"Mama yako akaitwa mwizi."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, wangesema baba alikuwa na haki ya kunikataa."

Brigitte alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake.

"Chef, andika ni miye. Nyumba ni matofali tu. Huyu wakijua, hatakuwa na ukoo tena."

Chisanga alishika kalamu. Angeweza kuandika hivyo, na wote wangetia sahihi. Lakini Floribert aliinuka, akavuta suti chini ya godoro, akamsogeza mama yake taratibu kwa mabega na kutoka uani kifua wazi.

Ukoo wote ulikuwa umekaa. Langoni kulikuwa na furushi la Brigitte, limefungwa tayari.

"Ni miye, shangazi. Mama abaki."

Marie-Thérèse aliitazama suti. Aliyatazama majipu, moja baada ya jingine. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Inspekta kuliko zile nyimbo zake zote.

Alikwenda langoni, akalibeba furushi la Brigitte mwenyewe, akalirudisha ndani. Kisha akatoka na begi la Floribert, akaliweka pale pale furushi lilipokuwa.