Mbao za Chini

Kila akitoka shuleni, Recho alibadili sare, akanywa uji, kisha akamtolea baba yake mbao bandani. Baba yake, Fundi Osmund, alitengeneza mizinga ya nyuki pale Matogoro. Tangu afiwe na mkewe alikuwa mtu wa kununa, na lawama zake zote zilikwenda kwa wakubwa.

Safari hii mizinga ilikuwa ya kikundi cha akina mama wafuga nyuki wa Mpitimbi, iliyoagizwa na mradi wa serikali. Ile waliyoletewa mwanzo ilipinda, mwanga ukapenya, nyuki wakahama. Mwenyekiti wao, Mama Mwamvua, alisema wazi kwamba hii nayo ikiharibika, kikundi kitavunjika.

"Toa za chini," Osmund alimwambia binti yake. "Za juu bado zina maji."

Lakini mbao mpya zilirundikwa juu ya zile za zamani, na kufikia za chini kulitaka kupangua rundo zima. Recho alivuta za juu, akasema ni za chini.

Mizinga ya kwanza aliyoiunda Osmund ilipokaa juani, vifuniko vilijikunja kama majani ya tumbaku. Osmund akaanza: mara wauza mbao, mara ofisi, mara serikali nzima.

Recho akashindwa kuvumilia. "Baba, waache wakubwa. Ni mimi. Nilitoa za juu."

Osmund aliketi juu ya benchi. "Leo umeninyima mtu wa kumlaumu," akasema.

Wakati huohuo msimamizi wa mradi akapiga simu. Alipoambiwa vifuniko vimejikunja, alitaka mizinga ileile ipelekwe, maana siku ya uzinduzi hakuna atakayeifungua.

"Sherehe ni yako, bwana," Osmund alimjibu. "Mizinga ni ya akina mama. Subiri."

Kesho yake walipangua rundo. Recho akauliza kwa nini kila mzigo usiwe na kichanja chake, ili mbao mpya zisizifukie za zamani. Wakavijenga, wakapaka ncha za mbao rangi: nyekundu kwa mbichi, nyeupe kwa kavu. Osmund alimfundisha kugonga ubao: mkavu hulia, mbichi hunyamaza. Mizinga ikaundwa upya, na vifuniko vikakaa sawasawa.

Miti ilipomaliza kuchanua, Mama Mwamvua alifika na ndoo ya asali.

"Shikamoo, mama," Recho alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mizinga yote imepata wenyewe, nyuki wametulia."

Osmund akacheka hadi majirani wakachungulia. "Wakubwa watapiga picha na asali hii, utaona," akasema, akimshika Recho bega. "Wewe shika hili, mwanangu. Ukweli ni kama mbao za chini: kuutoa ni kazi, lakini haupindi."