Spika ya Mzee wa Kanisa

Spika ya sanduku la mbao ilinyamaza Ijumaa jioni, katikati ya wimbo, na harufu ya majani mabichi yaliyolowa ikajaa sebuleni. Voi ilikuwa kavu, mvua ilishasahaulika. Zephaniah, karani wa reli na mzee wa kanisa asiyetaka kusikia habari za ushirikina, alidhani ni fyuzi tu. Akamwambia binti yake Elsie alete tochi. Elsie akafungua kinywa kuitikia, sauti haikutoka.

Hospitalini hawakuona kitu kooni. Jumatatu Zephaniah akamwita Kitheka, fundi wa redio wa sokoni, maana mkewe Tryphena alikuwa akilia kutwa na yeye alitaka angalau kitu kimoja nyumbani mwake kitengenezeke.

Kitheka akabadilisha fyuzi, akapima waya, akalehemu penye shaka. Kimya. Mwishowe akachomoa plagi ukutani ili aifungue spika kwa nyuma.

Hapo ndipo taa nyekundu ya spika ikawaka.

"Baba," spika ikasema polepole, kwa sauti ile ile ya Elsie, "huku kuna giza, baba, kuna watu wengi wamekaa kwa mawe na hawataki niondoke," na Elsie mwenyewe, aliyeketi mkekani midomo imefumbwa, akaanza kutiririkwa na machozi, na harufu ya majani ikazidi hadi Kitheka akaziba pua kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili bado umeshika ile plagi.

"Mzee," Kitheka akanong'ona, "mimi kazi yangu ni redio. Hii si mambo ya stima, hii ni jini. Hili sanduku ulitoa wapi?"

Sanduku Zephaniah alilitengeneza mwenyewe, kwa mti alioukata kwenye fighi ya ukoo wao kule Mbololo, msitu wa mizimu ambao wazee walikataza hata kuokota kuni ndani yake. Aliuangusha mchana kweupe, makusudi, kuwaonyesha kwamba aliyeokoka haogopi miti.

Tryphena hakungoja ruhusa. Alijitwika sanduku, akamshika Elsie mkono, na Zephaniah akawafuata hadi kwenye fighi mlimani. Mwandawiro, baba mdogo wa Zephaniah na mlinzi wa fighi, alikasirika hata salamu hakupokea. Akajaza kinywa pombe ya miwa, akaipuliza juu ya sanduku akiwasihi waliotangulia, akalisukuma kati ya mawe.

"Kuna mbao zingine za mti ule?" Mwandawiro akauliza.

Zephaniah akaiwazia mimbari mpya aliyoichonga kwa mti ule ule, zawadi yake kwa kanisa, yenye jina lake mbele. Angemwambia nini mchungaji?

"Hakuna, baba."

"Zephaniah, nakuuliza tena."

"Zimeisha."

"Mama," Elsie akasema, kwa kinywa chake mwenyewe. Tryphena akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja, na Zephaniah akajiambia kwamba yamekwisha.

Jumapili mchungaji akamwita Elsie mbele atoe shukrani. Zephaniah alitamani kuruka amzuie, lakini macho ya watu yalikuwa kwake na aibu ikamkalisha, na Elsie akapanda akitabasamu, akaweka viganja juu ya mimbari, akafungua kinywa, na harufu ya majani yaliyolowa ikashuka kwenye viti vyote, kuanzia mbele hadi mlangoni.

Midomo ya mtoto haikusogea tena. Sauti yake ikatoka ndani ya mbao, kanisa zima likisikia.

"Baba, si ulisema zimeisha?"