Mtama Uliooshwa kwa Maji Manne

Soko la nafaka saa sita mchana si mahali pa mtu mwenye haraka wala mwenye aibu. Wapagazi wanapiga kelele "Njia! Njia!", vumbi la pumba linapanda puani, na kila mtu anamkanyaga mwenzake bila kuomba radhi. Katikati ya vurugu hiyo alipita mwanamke mmoja, fundi cherehani, gauni lake la kijivu lenye kola nyeupe likiwa limemkaa barabara kwa sababu alilishona mwenyewe. Mpagazi mwenye gunia akampiga kikumbo, naye akaangukia mikono miwili juu ya lundo la ulezi.

"Pole dada," akasema mwenye kibanda, akimshika kiwiko. "Ila ulezi wangu haujazoea kukumbatiwa."

"Uzoee," akajibu Fundi huku akijipangusa. "Nataka mtama, ulezi, alizeti na chenga za mchele. Konzi moja moja."

"Konzi? Dada yangu, mimi watu wananiita Kibaba. Hicho ndicho kipimo changu kidogo kuliko vyote. Konzi ni ya kuonja."

"Basi nionjeshe."

"Una kuku wangapi?"

"Sina kuku. Nawataka ndege."

"Wa kufuga?"

"Wa kupita tu."

Kibaba akacheka mpaka jirani yake, mama wa vitunguu, akageuka kutazama. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Baba yangu alipata kiharusi," Fundi akasema. "Mwezi wa pili sasa amegeukia ukuta. Hasemi, na kula ni mpaka nimbembeleze. Juzi ndege mmoja alitua dirishani, na baba akageuza shingo kumtazama. Ni mara ya kwanza kugeuka. Ndiyo maana nataka waje wengi."

Kibaba hakucheka tena. Akachota nafaka kwa mikono yake, bila kipimo, akamfungia.

"Utawawekea wapi?"

"Si nitamwaga chini?"

"Chini watakuja njiwa na panya, basi. Ndege wana maringo, kila mmoja na meza yake. Mimi wananiibia mwaka wa kumi huu, nawajua kuliko wateja. Niambie unakaa wapi, Jumapili nije nikutengenezee."

Jumapili alikuja kweli, shati la buluu limepigwa pasi, mkononi ana mfuko wa takataka: chupa za plastiki, sinia lililotoboka, vijiko viwili vya mbao, kamba. Fundi alikuwa akikaa na baba yake katika vyumba viwili vya chini, nyuma ya ghorofa, na dirisha la mzee lilitazama kibustani chenye mpera mmoja, maua aliyoyaacha marehemu mama, na kamba ya kuanikia nguo.

"Shikamoo, mzee," Kibaba akasema mlangoni. Mzee hakujibu. Kibaba akaingia kazini kana kwamba amejibiwa.

Akatoboa chupa pande mbili, akapitisha kijiko cha mbao ili punje zidondokee kwenye bapa lake. "Hii ya ulezi, ya chiriku. Hao wanapenda kula wakining'inia." Sinia akalifunga kamba tatu, akalitundika kwenye tawi la chini. "Hapa shomoro, na mtama. Njiwa wamwagie chenga pale penye wazi, wamwone paka akija." Papai lililoiva akalikata nusu akalichomeka kwenye msumari kwa ajili ya shorewanda, asiyejali nafaka hata umlipe. Mwisho akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa, akakijaza maji ya sukari. "Nipe kipande cha kitambaa chekundu."

"Cha nini?"

"Cha kumtongozea chozi. Yule kandege kadogo kenye mdomo kama sindano yako. Bila nyekundu haji."

"Kumbe wewe ni mtaalamu wa kutongoza."

"Ndege tu," akasema Kibaba. "Binadamu bado najifunza." Fundi akajifanya anatafuta mkasi.

Siku nne ndege hawakuja. Ya tano akaja shomoro mmoja, na baada ya wiki mbili mpera ulikuwa na kelele kama shule. Fundi alibadilisha maji kila asubuhi, akaosha sinia kwa maji ya moto kila Jumamosi kama alivyofundishwa, kwa sababu uchafu wa sinia huua ndege. Mzee sasa alilala ametazama nje. Jumapili ya tatu Kibaba akasimama mlangoni, akasema shikamoo yake, na kutoka kitandani ikasikika sauti nzito, iliyopinda: "...haba."

Fundi akaangusha bakuli. Akaenda uwani akalia, na Kibaba akamfuata, akamshika mkono, na hawakuachana mikono mpaka chai ikapoa.

Sokoni walijificha. Wapagazi wakijua jambo hulitungia wimbo, kwa hiyo pale Fundi alibaki mteja kama wateja wengine. Ni mama wa vitunguu tu aliyenusa, naye akakaa kimya. Mapenzi yao yalikuwa ya Jumapili na ya simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula sauti yako."

"Mwongo mkubwa wewe. Hebu kale."

Siku moja Kibaba akamwambia kwamba anakwenda mashambani kununua mzigo, siku nne. "Nikirudi nakuja na kaka yangu mkubwa kuzungumza na mzee. Nimemwonyesha picha yako, anasema nimechelewa."

"Kaka yako ana akili kukuzidi."

"Ufunguo nimemwachia mama wa vitunguu. Ndege wakiishiwa, ingia uchukue."

Siku ya tatu mtama ukaisha. Fundi akaingia kibandani. Gunia lililokuwa wazi alilikung'uta likatoa konzi mbili za mwisho. Mengine kumi na moja ya mtama huo huo yalikuwa yamepangwa hadi juu, yameshonwa midomo, naye hakuwa mtu wa kufumua mshono wa mwenzake. Nyuma ya mlango palikuwa na kigunia kilichofungwa kamba. Akakifungua. Mtama, lakini wa waridi.

Fundi alifahamu mambo ya rangi. Miaka kumi na tano alikuwa ameona vitambaa vipya vikichuja na kuchafua kila kilicho karibu, na akaona hapa pia gunia ndilo lililochujia mtama rangi. Akachota, akakifunga kigunia vizuri kilivyokuwa. Nyumbani akauosha mtama ule. Maji ya kwanza yakatoka mekundu, ya pili ya waridi, ya tatu hafifu, ya nne meupe. Akauanika juu ya shuka, ukakauka, ukawa mtama kama mtama wowote. Akauchanganya na zile konzi mbili.

Asubuhi akajaza sinia. Saa nne, akiwa kwenye cherehani, akasikia baba yake akipiga ukuta kwa mkono wake mzima. Shomoro mmoja alikuwa chini ya mpera akizunguka kama mlevi. Mwingine alidondoka kwenye sinia macho pima. Mpaka adhuhuri Fundi alikuwa ameokota shomoro kumi na wanne na njiwa watatu, na mzee alikuwa ameona wote. Alikuwa akisema neno moja, tena na tena, ambalo halikutoka sawasawa. Kisha akageukia ukuta.

Fundi akapiga simu.

"Umeweka nini kwenye mtama wako?"

"Mtama upi? Fundi, kuna nini?"

"Wamekufa! Wote wamekufa mbele ya baba!"

Kibaba akauliza polepole, "Mtama ule ulikuwa na rangi?"

"Rangi gani? Mweupe! Mweupe kama mtama wowote!" Na mtama uliokuwa kwenye sinia ulikuwa mweupe kweli. "Unawauzia watu sumu, Kibaba. Usinipigie tena. Usije kwangu."

Akakata. Kibaba akapiga mara tisa, hakupokelewa.

Aliporudi, Kibaba alikiangalia kwanza kile kigunia, kwa sababu kilikuwa cha mbegu ya kupanda, ya shamba la kaka yake. Kilikuwa kimefungwa vilevile. Basi ubaya ulikuwa kwenye mtama wa kuuza, mtama ambao watu huwapikia watoto uji wake. Mtu mwingine angekaa kimya. Yeye alikwenda kwa mwenyekiti wa soko kwa miguu yake mwenyewe, akaeleza, akayamwaga magunia kumi na moja shimoni mbele ya mashahidi. Kipaza sauti kikatangaza siku tatu kwamba kibanda chake kimefungwa. Aliyekuwa na mtoto anayeharisha akajua pa kutupa lawama, na watu waliokula kwake miaka kumi wakawa wanatema mate wakipita.

Fundi aliyasikia hayo akasema moyoni, na iwe hivyo. Hakulala vizuri, lakini alisema hivyo. Baba yake alikuwa amerudi kwenye uji vijiko viwili kwa siku, na mpera ulikuwa kimya.

Wiki ya tano akaja karani wa duka la pembejeo kupunguziwa suruali. Vidole vyake vilikuwa vya waridi mpaka kwenye kucha.

"Usinichafulie kitambaa," Fundi akamwambia. "Hiyo ni nini?"

"Mbegu, dada. Tumepakia tangu asubuhi."

"Mbegu zina rangi?"

"Zinatiwa dawa ya wadudu, na dawa ni kali. Sasa rangi inawekwa makusudi, mtu asije akadhani ni chakula."

Fundi akashusha chaki. "Na mtu akiziosha?"

Karani akacheka. "Atakuwa ameosha onyo tu. Dawa imeshanywewa na punje."

Akampima suruali ile vibaya, ikabidi aifumue jioni yake.

Alimkuta Kibaba mbali na soko, kwenye ghala la ng'ambo ya mji, akishusha magunia kwenye gari la mfanyabiashara mwingine, pumba imemjaa kwenye kope, shati limechanika begani. Akamwambia yote akiwa amesimama, bila kujitetea: kigunia, waridi, maji manne.

Kibaba akalitua gunia alilokuwa nalo begani.

"Nilikuuliza kama ulikuwa na rangi."

"Uliniuliza."

"Nikamwaga magunia kumi na moja, Fundi. Mazima."

"Najua."

"Ulipokuwa unanijibu, ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. "Sijui," akasema. "Kuna kitu kilinichoma rohoni, nikakikanyaga. Sikutaka niwe mimi."

"Ngoja nimalize gari hili," Kibaba akasema. Akashusha magunia yote yaliyobaki bila kumtazama. Kisha akaja na vikombe viwili vya chai, akampa kimoja, akaketi kando yake juu ya ukingo wa mtaro.

"Nimekukasirikia mpaka meno yananiuma. Lakini kila Jumapili navaa lile shati, halafu nalivua. Sasa nifanyeje?"

Fundi akaweka kichwa kwenye bega lile lililochanika, mchana kweupe, akalia. Kibaba akamwambia kwamba kibanda basi, kimekwenda, atabeba magunia ya watu. Keshokutwa angemleta kaka yake kwa mzee. Fundi akasema kwanza mwenyekiti asikie ukweli, asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Kesho yake sokoni, mama wa vitunguu ndiye aliyemvuta pembeni. "Mwanangu, ukiingia mle kama mchumba wake umejisumbua bure. Mwenyekiti hapokei maneno ya mke, ndugu wala mpenzi, tangu muuza mafuta alipoleta mkewe kudanganya. Atasema mapenzi hayo. Atakusikiliza ukiwa mteja tu. Na siku akigundua umemdanganya, kibanda kinafutwa kabisa."

Angeweza kumwambia Kibaba, wachague pamoja. Mimi ningemwambia. Lakini aliona magunia yale kumi na moja kila alipofumba macho, na akaona kwamba hana haki ya kumpokonya kitu kingine.

Ofisi ya soko ilikuwa chumba chenye meza moja, feni iliyokufa na mabenchi. Fundi alivaa lile gauni la kijivu. Kibaba alikuwa kwenye benchi la nyuma, katika shati la buluu, amenyoa. Fundi akaeleza yote kwa sauti ya kusikika. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho, akamwita karani wa pembejeo, naye akathibitisha kwamba mbegu huwa hivyo.

"Swali moja," mwenyekiti akasema. "Wewe na huyu mna uhusiano gani?"

Fundi hakugeuka nyuma.

"Hatuna. Mimi ni mteja."

"Ufunguo ulipewaje?"

"Na jirani yake. Wateja wa zamani hupewa."

"Unatia saini hapa. Siku nikisikia vingine, huyu hauzi tena nafaka soko hili." Akaangalia benchi la nyuma. "Kibaba, ni kweli asemayo?"

Benchi likalia. Fundi alihesabu pumzi zake, tano, sita. Sehemu yake moja ilikuwa ikiomba aseme si kweli.

"Ni kweli," Kibaba akasema, sauti imekauka. "Mteja tu."

Kalamu haikuandika vizuri, ikabidi atie saini mara mbili. Mwenyekiti akatangaza kibanda kifunguliwe siku hiyo hiyo, watu wakapiga makofi, na wote wakatoka pamoja mpaka getini.

Getini alikuwa amesimama mwanamume wa makamo, mrefu, amevaa koti la suti katika jua lile, viatu vimepakwa rangi, mkononi ana mfuko wa sukari na majani ya chai. Alikuwa na pua ya Kibaba. Alipomwona Fundi uso ukamkunjuka.

"Shemeji!" akasema kwa furaha, akinyoosha mikono yote miwili. "Hatimaye! Tunaondoka sasa hivi, au tumsubiri bwana harusi?"

Mwenyekiti alikuwa hatua mbili nyuma. Watu waligeuka kutazama.

"Umenifananisha, kaka," Fundi akasema.

"Nikufananishe vipi, na picha yako ninayo—"

Kibaba akafika, akamshika kaka yake mkono, akaushusha chini taratibu.

"Siye huyo, kaka," akasema. "Twende."