Mzunguko wa Kwanza wa Asubuhi

Kwa wiki nzima chumba namba saba cha lifti kilikuwa kinashuka kimelowa. Wiebke alikipangusa kila asubuhi, na kesho yake kilirudi na maji yale yale sakafuni, na harufu ya sufu mbichi iliyochanganyika na lami.

Jengo lenyewe lilibanwa kati ya mitaa miwili ya Hamburg, la matofali mekundu, pana nyuma, mbele limechongoka kama kipande cha keki. Lifti yake ilikuwa ya kizamani: vyumba kumi na vinne visivyo na milango, havisimami, vinapanda upande huu na kushuka upande ule. Mtu hurukia ndani, hurukia nje. Asiyeshuka ghorofa ya juu hupitishwa darini gizani, kisha hurudi chini salama. Hata kibao ukutani kilisema hivyo.

Mzee Heino, aliyemkabidhi Wiebke funguo za jengo, alimwachia sharti moja.

"Mzunguko wa kwanza wa asubuhi si wa watu. Uende mtupu, uishe wenyewe. Usiuzime katikati."

"Ni wa nani basi?"

"Mimi sikuuliza, binti yangu. Ndiyo maana nimefika pensheni."

Asubuhi ile ya Desemba barabara zilikuwa barafu tupu, na Wiebke akachelewa. Alimkuta mdogo wake Gesche, karani wa ghorofa ya sita, anatetemeka mlangoni na viatu vyake vya njano, mkate wa mdalasini mkononi. Akamwingiza, akafunga mlango tena, akawasha lifti. Ilikoroma, ikaanza kwenda.

"Ngoja izunguke kwanza."

"Dada, na wewe umeshakuwa Heino?" Gesche akacheka, akarukia namba saba. "Napitia darini, nikamsalimie huyo jini wako."

Kicheko kilipanda ghorofa kwa ghorofa. Kule juu kikakatika. Kisha maji yakaanza kudondoka, na ile harufu ikashuka nayo. Wiebke aliita mara mbili. Aliogopa mno, na mkono wake ukabonyeza kitufe chekundu kabla hajawaza.

Lifti ikasimama.

"Dada," sauti ya Gesche ikanong'ona kutoka juu. "Mbona imesimama?"

"Gesche, uko sawa?"

"Ongea kwa sauti ya chini. Kuna mtu humu. Amelowa. Anavua koti. Dada, ananivisha mimi."

Wiebke aliiwasha lifti huku analia, akasimama mbele ya uwazi akiomba mdogo wake arudi tu, hata akiwa mgonjwa, na vyumba vikashuka kimoja kimoja vitupu mpaka ikatokea sakafu ya namba saba na viatu vya njano juu yake, na juu ya viatu pindo la koti jeusi linalovuja maji, na koti likapanda mpaka kwenye dari ya chumba bila kufika kiunoni, likaendelea katika namba nane, koti tupu, vifungo tu, likaendelea katika namba tisa, na hapo ndipo ulipotokea uso wa Gesche, umelowa, unatabasamu.

Nje watu wa ofisini walikuwa wameanza kugonga.

"Wafungulie, dada," alisema Gesche kwa upole. "Mzunguko umeisha."