Romani Mchongaji na Doa Alilolificha

Romani alikuwa mchongaji. Alitoka Newala, akapanga chumba Temeke kwa Bi Mwajabu. Mwaka 1953, katekista alimwagiza sanamu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi akimkumbatia mkoma.

Kila asubuhi Romani alichonga uani. Mkewe, Anastasia, alipepeta mchele karibu naye. Fransisko alikwisha kutokea kwenye gogo, na kamba yake kiunoni. Lakini upande wa mkoma ulikuwa bado mti tu. Wiki tatu Romani hakuugusa.

"Baba Margareta, huyo mwenzake utamchonga lini?"

"Kesho."

"Hata jana ulisema kesho." Ghafla Anastasia akashtuka. "Damu! Umejikata!"

Romani alitazama kidole chake. Damu ilikuwa imelowesha mpini wa patasi. Hakusikia maumivu hata kidogo.

Anastasia akampandisha mkono wa shati. Karibu na kiwiko palikuwa na doa kavu, lililofifia rangi.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu Kwaresima. Usiseme. Bi Mwajabu akijua, atatutoa. Mie nitapelekwa mbali, nisimwone mtoto tena."

Tangu siku hiyo kila hodi iliwatisha. Romani alimkataza mtoto kumkaribia. Binti yao Margareta alilia, hakujua kosa lake.

Siku ya tatu Anastasia alishindwa kuvumilia. Alimwita jirani yao Theonest, dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Theonest aliokota unyoya wa kuku.

"Funga macho, kaka. Nikikugusa, sema."

Akamgusa shavu. "Hapo," alisema Romani. Akamgusa bega. "Hapo." Kisha kimya kirefu.

"Mbona huendelei?" Romani aliuliza.

"Nimekugusa kwenye doa mara nne," Theonest alijibu taratibu. "Nadhani ni ukoma. Daktari atahakikisha."

Romani aliushusha mkono wa shati. "Nimelaaniwa."

"Hapana. Huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Si laana, wala haurithiwi. Hauambukizi kirahisi. Siku hizi kuna vidonge. Vinywe muda wote utakaoambiwa. Ukificha, vidole vitaharibika."

"Na watu je?"

Theonest aliitazama sanamu. "Huyu unayemchonga aliogopa pia. Baba yake alikuwa tajiri, mfanyabiashara wa nguo. Akiona nyumba za wakoma kwa mbali, Fransisko alishika pua. Siku moja alikutana na mkoma njiani. Alitaka kukimbia, lakini akashuka kwenye farasi, akambusu. Baadaye aliacha mali zote, akaenda kuwaosha wakoma vidonda. Wengine wakamfuata, wakawa ndugu, na ndivyo shirika lake lilivyoanza."

"Hofu ilimtoka?"

"Sijui. Ninachojua, alishuka."

Kesho yake Romani, mkewe na mtoto walikwenda hospitali. Daktari alithibitisha ugonjwa. Anastasia na Margareta hawakuwa nao. Romani alipewa vidonge, akaruhusiwa kutibiwa akiwa nyumbani.

Aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kabla hajasikia kwa wengine.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba. We Mmakonde, unatetemeka kama umeiba kuku wangu?"

Romani akamweleza yote. Bi Mwajabu aliuvuta mkeka wake nyuma.

"Daktari kasema ukae hapa?"

"Ndiyo, bibi."

"Mtoto je?"

"Kapimwa. Hana."

Bi Mwajabu aliurudisha mkeka wake mahali pake. "Basi kaa. Ila siku nikisikia umeacha vidonge, hapo ndipo nitakapokufukuza."

Wiki hiyo Romani alimchonga mkoma, akampelekea katekista sanamu yake. Miaka ikapita. Doa lilipotea, na vidole vyote vilibaki vizima. Ganzi haikuisha yote, kwa hiyo Romani alijifunza kuchonga akiutazama mkono wake, na kukagua vidole kila jioni. Margareta alirudi kukaa mapajani pake.

Na kila asubuhi Bi Mwajabu alipaza sauti kutoka barazani: "We Mmakonde! Umekunywa?"

"Nimekunywa, bibi!"

Wapangaji wote walisikia. Hakuna aliyehama.