Kijani cha Ndani ya Tango

Kaa kidogo, fundi mwenzangu, hiyo rola ya rangi iweke chini. Nimesikia kesho unaanza kazi kwenye ile nyumba ya pembeni yenye madirisha mapana, na sitaki uingie mle kabla hujajua nilichokifanya. Nilisema uongo. Maneno mawili tu: "Ni mimi." Nimetubu mbele ya Mungu tangu siku hizo mpaka leo, lakini toba ni yangu mwenyewe, madhara yamembakia mtoto wa watu.

Wakati ule nyumba ilikuwa na watu wanne. Baba alikuwa dereva wa lori, mpole, mtu wa kukubali kila kitu ili aachwe alale. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha. Bibi, mama yake yule dereva, alikuwa na ulimi wa upanga na moyo wa pamba. Halafu mjukuu, binti wa miaka sita hivi. Bibi alimwita Sisimizi, kwa sababu ukificha sukari mahali popote, yeye ameshafika kabla hujafunga kabati.

Walitaka sebule ipakwe kijani laini. Wewe unajua, fundi, kijani laini ndicho kinachogombanisha watu na ndoa zao. Nyekundu ni nyekundu, lakini kijani laini kina ukoo mzima. Nikachanganya viwili, nikapaka ukutani mabaka mawili ya ukubwa wa sinia, usawa wa meza ya cherehani ili hata mtoto afikie. Kimoja kilikuwa kama moyo wa kabichi. Cha pili kama ndani ya tango, kile kijani ambacho nusu yake ni maji.

"Cha kabichi kina joto," Baba akasema.

"Kina njaa," Mama akamjibu. "Wewe ukiona kabichi unawaza sahani. Mimi nataka macho yapumzike nikishona."

"Mimi niko na mwanangu," Bibi akasema. "Tango ni la wagonjwa. Huo ukuta utaonekana una homa."

"Tango! Tango!" Sisimizi akarukaruka.

Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Kabla rangi haijakauka, kila anayeishi ndani anabonyeza kidole gumba kwenye baka analolipenda. Nilianza hivyo baada ya kuchoshwa na wateja wanaoikubali rangi leo na kunikana kesho. Kidole hakikani. Wakabonyeza: Baba na Bibi kwenye kabichi, Mama na Sisimizi kwenye tango. Alama ya Sisimizi ilikuwa ndogo, ina kovu lililoikata katikati, alilopata kwenye mkasi wa mama yake.

Wakawa sare. Wakabishana mpaka Baba akachoka, akaugeukia ukuta kwa utani. "Basi na nyumba yenyewe ichague."

Tukacheka sote, nikaenda zangu.

Asubuhi niliporudi, baka la tango lilikuwa na alama tatu.

"Sisimizi!" Mama alikuwa ameshamshika sikio. "Umebonyeza mara mbili?"

"Sijabonyeza, Mama! Haki ya Mungu!"

"Usimtaje Mungu kwenye uongo wako!"

Mimi nilikuwa nimeinama nikiitazama ile alama. Haikuwa na mistari. Ilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Tena kidole hubonyea kwenda ndani, lakini ile ilikuwa imetuna kuja nje, kana kwamba aliyebonyeza alikuwa upande wa pili wa rangi. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Nikanyanyuka nikasema, "Mwacheni mtoto. Ni mimi. Jana wakati naondoka niliona mtakesha mnabishana, nikavunja sare."

Ningependa kukuambia nilisema kwa huruma. Huruma ilikuwepo, mtoto alikuwa analia. Lakini pia kulikuwa na kazi nyingine inanisubiri, na nilitaka ile ianze.

"Ah, fundi naye kawa mwenye nyumba!" Bibi akasema. "Njoo basi tugawane kufagia!"

Wakacheka, yakaisha. Sisimizi tu ndiye aliyenisogelea, akanishika mkono akaugeuza. "Si chako, Mjomba Rangi," akaninong'oneza. "Chako kinene."

Nikamwambia anyamaze.

Nikapaka rangi mkono wa kwanza, ikakauka, nikapaka wa pili. Sebule ikapendeza, lazima niseme haki. Ilikuwa kama kukaa kivulini. Ila harufu. Rangi mpya hunuka rangi. Ile ilinuka tango lililokatwa sasa hivi, na baada ya siku chache ikanuka tango lililosahaulika nyuma ya jiko, lenye ute. Mara nyingine, watu wakinyamaza, nilisikia kitu ambacho wewe na mimi tunakijua kwa kazi yetu, ile sauti ndogo ya kidole kinachobanduka kwenye rangi mbichi: pwa. Na ukuta ulikuwa umeshakauka.

Nilibaki kumalizia milango. Siku moja Mama akamimina chai, vikombe vinne vya familia na changu. Kila mtu akachukua, na Sisimizi akabaki na mikono mitupu.

"Mama, na mimi?"

"Si nimemimina vinne?" Akatuhesabu kwa kidole. "Wote wanacho, jamani."

"Mwanao hana," Bibi akasema.

Mama akamwangalia yule mtoto kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. Kisha akajipiga paji la uso, akacheka kwa aibu. "Hii cherehani itanimaliza akili."

Kikombe cha nne kilikuwa kwenye meza ya cherehani, upande wa ukutani. Kilikuwa kitupu, na kilikuwa bado kinafuka moshi.

Kisha ikaja mvua ya alasiri, ile inayokuja na upepo, na Baba akafunga mlango kwa komeo huku akiuliza, "Wote ndani?" na Mama bila kuinua uso kwenye kitambaa akajibu, "Wote," na mimi nilikuwa nasafisha brashi kwenye korido nikasikia mlango unagongwa chini kabisa, kwa kiganja kidogo, unagongwa na kugongwa, na sauti inalia katikati ya mvua, "Mama, nifungulie, ni mimi," na Mama akasema kwa upole, upole kabisa, ndio ulionitisha, "Watoto wa watu hawa, wataumwa kifua kwa kucheza mvuani," akaendelea kushona, na Baba akatikisa kichwa kumwonea huruma mzazi wa huyo mtoto, na miguu yangu mimi ikawa mizito kama imejaa saruji, mpaka Bibi alipotoka chumbani akalivuta lile komeo na Sisimizi akaangukia ndani, midomo imekakamaa kwa baridi.

Mama alimkumbatia akalia kilio cha msiba. "Nilikuhesabu, mwanangu," akawa anasema. "Wallahi nilikuhesabu, ulikuwa ndani."

Jioni ile Bibi alinivuta jikoni. Alinong'ona huku akiutazama ukuta kama unasikia.

"Fundi, kile kidole kilikuwa chako kweli?"

Hapo ndipo ningeweza kumwokoa mtoto. Nikaona aibu. "Ndiyo, Bibi," nikasema. Nikakusanya vyombo vyangu nikaondoka, na kila nilipopiga magoti nilimwomba Mungu mambo madogo madogo, kwa sababu lile kubwa niliogopa kulitaja.

Bibi alinifuata kwangu majuma kadhaa baadaye. Nilimkaribisha kiti, akakataa.

"Mambo yametulia," akasema. "Mtoto hasahauliki tena. Anakula, anaoga bila kukimbizwa, anatii. Mama yake ana furaha."

"Alhamdulillahi."

"Bakuli la sukari liko wazi mezani tangu juma lililopita, fundi." Akaegemea mlango. "Halijaguswa."

Nikamwambia yote. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tulikwenda na Sheikh wa msikiti wetu, mtu mtaratibu asiyependa makelele. Alisoma katikati ya sebule, na kadiri alivyosoma ile harufu ya tango bovu ikazidi, lakini hakuna kilichotikisika, hakuna aliyepiga kelele. Sisimizi alikaa kwenye mkeka, amekunja miguu vizuri, anatusikiliza.

Sheikh akanyamaza. "Huyu aliyeingia hakuvunja mlango," akasema. "Amehesabiwa kuwa wa humu. Nani alimhesabu?"

Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema mbele ya wote: kidole hakikuwa changu, nilidanganya, nikakihesabu pamoja na vya wenye nyumba. Baba akakaa chini taratibu. Sheikh akaniambia nikwangue, niitoe ile alama kwa mkono ule ule uliofunika.

Nikakwangua karibu na dirisha, mkono wa pili ukatoka, wa kwanza ukatoka, na baka la tango likajitokeza na alama zake zile zile tatu, na nikaweka uso karibu, fundi, nikatamani nisiwe na macho, kwa sababu alama ya Mama ilikuwa nzima, na ile iliyokuwa ya Sisimizi ilikuwa imefutika, imekuwa laini kama mgongo wa kijiko, na ile ya tatu, ile iliyotuna kutoka ndani, sasa ilikuwa na mistari, midogo, mizuri, ya kitoto, na kovu limeikata katikati.

"Binti yangu," Sheikh akasema kwa sauti ya chini, "hebu nionyeshe kidole chako."

Mtoto akatabasamu akakinyoosha. Hakikuwa na kovu. Hakikuwa na mstari hata mmoja.

Mama akamvuta kifuani. "Ana mafuta mikononi! Nimempaka mafuta sasa hivi! Mnataka nini na mwanangu?"

"Mwanangu, tazama kidole," Bibi akamsihi.

"Nimetazama! Huyu ndiye niliye naye! Mkimtoa huyu, mtanipa nani?"

Nilimgeukia Sheikh, naye alikuwa anatazama chini, machozi yanadondoka kwenye ndevu. "Wa kuingia kwa nguvu hutolewa kwa nguvu," aliniambia baadaye nje. "Lakini hawa wamebadilishana mahali. Nikimfukuza huyu, sijui kama mlango utabaki wazi kwa yule. Sijui, ndugu yangu. Tumwachie Mungu, tuombe."

Baba ndiye aliyenirudisha ndani. "Funika, fundi," akasema. "Nakuomba. Tupumzike."

Nami nikashika brashi. Nywele za brashi zilipogusa ile alama, ndani ya ukuta kidole kikabanduka, pwa, na sauti ndogo, iliyochoka, ikasema, "Ni mimi, Mjomba Rangi."

Nikapaka. Mungu anisamehe, mkono wangu ulikuwa wa hofu, si wangu tena. Nikapaka mpaka kimya.

Bibi alikuwa akienda pale dirishani, kwa nje, anagonga ukuta kwa fundo la kidole na kuzungumza habari za nyumbani. Sheikh alimkanya asije akawa anazungumza na jini. "Sizungumzi na jini," akamjibu. "Nazungumza na mjukuu wangu." Sasa Bibi amefariki. Wale wengine walihama na binti yao, nasikia amekua, ni msichana mzuri, mtulivu, hali sukari. Na nyumba ina wenyewe wapya, nao wanataka sebule ipakwe tena, kijani hicho hicho laini. Kila mkono wa rangi, fundi, kwa Sisimizi ni ukuta mwingine.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Karibu na dirisha, usawa wa meza, usipake. Acha mahali pa ukubwa wa kiganja. Wenye nyumba wakiuliza, usiwadanganye, waambie mimi ndiye niliyekuomba. Na ukisikia kidole kinabanduka, gonga mara moja, ajue kuna mtu.