Kamba ya Septimus

Rafiki yangu Septimus Dowle, aliyekuwa akiruka angani ndani ya kikapu cha puto kubwa kwenye maonyesho ya mji wa Norwich, alinisimulia haya kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kuogopa.

Jioni moja puto lake lilimezwa na ukungu mzito, giza likatanda. Alitaka kushuka tu, anywe chai, alale. Akateremsha kamba ndefu, akawaita wakulima waliokuwa chini wamvute, kama ilivyo desturi ya warusha puto:

"Jamani, ishikeni!"

Mzee mmoja akacheka ukunguni. "Tumeshaishika, bwana. Umechoka, eh? Tulia, tukuvute."

"Vuteni basi, mgongo unaniuma!"

Kamba ikakazika, ikalia kwi, kwi. Septimus akainama ukingoni mwa kikapu awashukuru. Kamba ilipita mbele ya uso wake, ikielekea juu.